Kesho Imeshaingia

Da Rukia,

Shikamoo. Ulikuwa ukiikataa shikamoo yangu, ukisema nakuzeesha mbele ya wateja. Leo ipokee tu, kwa sababu huna la kufanya.

Programu yako ya maziko imehama. Imetoka kwenye ule mfumo wa zamani wa kujengea madirisha ya kompyuta, imeingia kwenye mpya, ule tuliouahirisha mwaka baada ya mwaka kwa kisingizio cha Ramadhani, mara joto, mara wateja wengi. Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa. Umekuwa wa pili, maana Maalim Athmani, karani wa chama cha maziko, alisimama nyuma ya kiti changu muda wote akinipumulia shingoni, na yule huwezi kumficha kitu.

Nakuandikia nikiwa dukani. Duka bado liko palepale nyuma ya soko la zamani, bado tunachapa barua za watu, tunatoa nakala, tunafundisha kompyuta. Feni nimenunua nyingine. Kiti chako nimekiacha. Mteja akitaka kukikalia namwambia kina mguu mbovu, na hakina. Kibodi yako pia ipo, na herufi M bado ina ule wekundu wa mabuyu uliyokuwa ukiyamumunya huku ukiandika, hata nikikukataza. Kibodi nzima huwa naipangusa, lakini nikifika kwenye M naizunguka.

Nimekukasirikia sana, dada. Acha niseme tu. Watu huniambia nimshukuru Mungu kwa muda aliotupa, nami naitikia amina, halafu naingia chumba cha nyuma nakukasirikia. Nilikuja kwako kutoka Rabai na cheti changu cha chuo ndani ya bahasha, nikidhani umeniajiri nikusaidie, kumbe umenichukua unifundishe upya kila kitu, hata namna ya kumjibu mteja anayefoka. Na miaka yote hiyo hukuniambia kwamba moyo wako una maradhi. Ulikuwa ukipanda ngazi za benki, unasimama katikati, unasema unasoma matangazo ya ukutani. Matangazo yaleyale kila mara. Na mimi nikisimama nayasoma pamoja na wewe, mjinga mimi.

Siku ile ya mwisho, Alhamisi, walikuleta hospitali asubuhi kutoka kwenu Mambrui. Nilifunga duka nikaja. Jioni mamako akatoka wodini kwenda kutia udhu, tukabaki mimi na wewe. Adhana ya magharibi ikaingia kupitia dirishani, ukafumbua macho, ukaniuliza, "Kesho imeshaingia?"

Nililijua neno hilo. Lilikuwa neno lako la kila jioni. Adhana ya magharibi ikianza tu, unasukuma kiti nyuma unasema, "Haya Kadzo, kesho imeshaingia," nasi tunazima mashine tunafunga. Mimi nililichukua kama neno la kufungia duka, basi. Kwa hiyo pale hospitalini nilidhani akili imekurudisha kazini. Nikakushika mkono nikakwambia, "Bado, Da Rukia. Leo hatufungi."

Ukafumba macho. Mamako akarudi, akaswali pembeni ya kitanda, na kabla ya isha ulikuwa umeshatutoka, kichwa chako kikiwa mikononi mwake.

Nimeliweka hilo mwanzoni kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Sasa nikueleze habari ya programu kwa mpangilio, kama ulivyonifunza: kwanza kilichokuwapo, halafu kilichoharibika, halafu nilichofanya.

Kilichokuwapo unakijua kuliko mimi. Msiba ukitokea, jamaa wanakwenda ofisi ya chama. Maalim anaandika jina la marehemu, siku aliyofariki na mahali atakapozikwa. Programu inachapa tangazo la kusomwa msikitini, na karatasi moja ya familia, wanayoiweka ndani na kuhesabia hitima na siku za kumrehemu mtu wao. Uliijenga bila malipo. Ulisema maiti hawaombwi malipo ya mbele, na Maalim akacheka mpaka akavua miwani.

Kilichoharibika ni ile kompyuta ya ofisi. Hewa ya bahari iliitia kutu ndani kwa ndani, ikazima. Mjumbe mmoja wa chama akatoa mpya, yenye skrini pana, safi, nzuri kuitazama. Tukaifungua programu yako humo. Ikafunguka, lakini herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, na vile vitufe ulivyovipachika kwa mkono, kila kimoja mahali pake, vikang'ang'ania palepale ulipoviweka hali dirisha lenyewe limebadilika. Vikapandana. Cha Futa kikalala juu ya cha Hifadhi. Maalim akamwandika marehemu wa Muyeye, jina la baba, jina la babu, kila kitu, akabofya kuhifadhi, marehemu akapotea. Alinijia dukani mbio akiwa hana kofia. Mtu yule sijawahi kumwona bila kofia.

Basi ikawa hapana kuahirisha tena.

Ningependa ungekuwapo uone ugomvi wangu na huu mfumo mpya. Wa zamani ulikuwa unauamuru: kitufe hiki kaa hapa, kisanduku hiki kaa pale. Huu haukubali kuamriwa hivyo. Unauambia tu nani akae karibu na nani, nani awe juu na nani chini, halafu wenyewe unapima nafasi na kupanga, iwe skrini ndogo au kubwa. Ni adabu nzuri ukishaizoea. Lakini una masharti. Hautaki kazi, yale maagizo ya kompyuta, ijifiche nyuma ya kitufe. Unataka sura iwe upande huu na kazi iwe upande ule, na wewe, dada yangu, kazi yako yote ulikuwa umeificha nyuma ya vitufe. Ikabidi nivifungue kimoja kimoja.

Huko ndiko nilikokukuta.

Kitufe cha kufuta, kwa jina la ndani lisiloonekana na mtumiaji, ulikiita Shangazi. Nilijua sababu papo hapo. Shangazi yako wa Lamu, yule ambaye akija kukaa kwenu hakibaki kitu kabatini. Cha kuchapa tangazo ulikiita Bi Harusi, kwa sababu kinachukua muda mrefu kutoka. Na kuna kimoja kinachokagua kama jina limeandikwa kamili, kinachorudisha kazi nyuma kila likikosekana jina la babu. Hicho ulikiita Kadzo. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha mteja akaingia akitaka picha za pasipoti nikampiga picha macho yangu yakiwa mekundu kuliko yake. Wote hao niliwahamisha na majina yao. Najua si kawaida ya kazi. Atakayekuja baada yangu atajiuliza Shangazi ni nani, na aulize.

Kitu kimoja tu sikukihamisha. Kisanduku chako cha siku.

Kile ulikichora mwenyewe tangu mwanzo. Hakikuwa na kalenda. Kilikuwa kikiuliza kwa maneno: mchana au usiku? Wa siku gani? Halafu kinaandika "Mchana wa Jumanne," au "Usiku wa Jumapili," na tarehe ubavuni. Nikakiona cha kizamani. Mfumo mpya unakuja na kisanduku chake cha tarehe, kilicho tayari, unakibofya kinafunguka kalenda nzuri. Kabla ya kukibadilisha nikalinganisha tarehe zako na karatasi za hospitali zilizomo kwenye majalada ya Maalim. Waliofariki mchana, sawa. Waliofariki alfajiri, sawa. Lakini kila aliyefariki jioni, kati ya magharibi na usiku wa manane, tarehe yako ilikuwa mbele kwa siku moja. Kila mmoja.

Nikasema, loo, hata Da Rukia hukosea. Nikaona huruma, na kwa kweli nikaona na fahari kidogo, kwamba nimepata jambo la kukufanyia. Nikawarudisha wote nyuma siku moja, walingane na hospitali. Yale maneno yako, "Usiku wa," nikayaacha kama yalivyo.

Maalim akafurahi na ile sura mpya. Herufi kubwa, Futa mbali na Hifadhi, tena Futa inauliza mara mbili. Akasema karatasi za zamani zimefifia wino, akachapa mpya, akazituma kwa familia. Moja ikafika Mambrui.

Mamako alikuja na tuktuk, peke yake, jua la adhuhuri. Nilipomwona mlangoni nikadhani ana mgonjwa. Unajua yeye jina langu halijawahi kumkaa mdomoni. "Kajo," akaniita, akatoa karatasi chini ya buibui, imekunjwa vizuri. "Nisomee hapa." Nikamsomea jina lako, jina la babako, jina la babu yako, kisha nikasoma, amefariki usiku wa Alhamisi.

"Hapo," akasema. "Ndivyo ilivyoandikwa?"

Nikamwambia ndiyo mama, si ilikuwa Alhamisi?

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alisema, "Usiku wa Alhamisi nalikuwa namsuka mwanangu. Kaketi chini, kichwa kakiweka magotini pangu, ananihadithia habari za duka, anacheka. Alikuwa mzima. Ndio usiku wangu wa mwisho na yeye ule. Mbona nyinyi mmenifishia mwanangu usiku huo?"

Mimi bado sikuelewa, Da Rukia. Nilianza kumweleza habari ya hospitali na tarehe, nikaona namwumiza, nikampigia simu Maalim. Alikuja, akaitazama karatasi, akakaa kwenye kiti chako kabla sijapata nafasi ya kumdanganya habari ya mguu.

"Usiku wa Alhamisi ni ule wa kuamkia Alhamisi, Kadzo," akaniambia. "Nyinyi mngesema Jumatano usiku. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Jua likizama leo imekwisha. Rukia katutoka baada ya magharibi, basi katutoka usiku wa Ijumaa, usiku mtukufu, na huyu mama hana jingine la kumliwaza ila hilo." Kisha, kwa sababu aliniona uso, akajaribu kunitania. "Nyinyi wa Rabai wamishonari waliwawahi mno. Siku yenu huingia usiku wa manane, kama mwizi."

Kwa masikio nililijua hilo jambo. Nimekaa Malindi miaka, nimesikia watu wakisema usiku wa Ijumaa, wakaulizana hitima ni usiku wa lini, na kila mara nimefika siku iliyo sawa kwa kuwafuata wengine. Lakini nilipokaa mbele ya skrini niliacha masikio nje nikaamini kalenda. Kumbe programu yako haikuwa na kosa. Kila aliyekufa baada ya magharibi ulimhesabu kwa siku iliyokwisha kuingia, kama wanavyomhesabu watu wake.

Na hapo ndipo lile neno lako liliponirudia. Nilikuwa nimemshika mamako bega. Haya Kadzo, kesho imeshaingia. Halikuwa neno la kufungia duka. Hukuwa ukitania. Ulikuwa ukinieleza, kila jioni, kwa miaka yote hiyo, kwamba siku mpya imeanza. Na pale kitandani hukuwa umerudi kazini hata kidogo. Ulikuwa unaniuliza kama Ijumaa imefika. Ulitaka kujua hilo tu, nami nilikuwa mtu pekee chumbani.

Nilimwambia mamako anipe siku chache. Hakuniuliza za nini.

Nakala ya zamani nilikuwa nayo, ulinifunza hilo kwa ukali, kwa hiyo wote nimewarejesha kwenye siku zao. Kile kisanduku kilicho tayari cha mfumo mpya nimekitoa. Ni kizuri, sikisemi vibaya, ila hakijui jua linazama lini, na sijapata namna ya kukifunza. Nimekichora chako upya, ndani ya mfumo mpya, mstari kwa mstari, nikiwa nimekifungua cha zamani pembeni. Mchana au usiku? Wa siku gani? Maneno yaleyale. Karatasi ya hospitali ina nafasi yake sasa, mbali, chini, ikae na tarehe yake bila ugomvi.

Nimeongeza kitu kimoja ambacho hukukiweka, nisamehe. Juu ya dirisha kuna mstari unaoonyesha siku tuliyo nayo. Ikifika magharibi unageuka wenyewe. Saa za magharibi alinipa Maalim, na hapa kwetu hazichezi sana. Siku ya kujaribu tuliketi ofisini wote wawili tukiutazama huo mstari. Ulikuwa umeandika "Mchana wa Jumatatu." Adhana ikaanza msikitini, ng'ambo ya njia, na kabla mwadhini hajafika katikati maneno yakabadilika, "Usiku wa Jumanne." Maalim akasema mashaallah kwa sauti ya chini, akasimama akaenda kuswali, akasahau miwani yake mezani. Mimi nilibaki nimeukodolea macho. Ni mstari mdogo tu, wino mweusi. Nilitamani mno ungekuwa umekaa pale unamumunya mabuyu yako, uniambie nimechelewesha kwa dakika moja.

Juzi nilikwenda Mambrui. Nilipeleka karatasi mwenyewe, sikutaka itumwe. Tulivuka daraja la Sabaki maji yakiwa mekundu kwa mvua za bara, na nikakumbuka ulivyokuwa ukisema huo ndio mto unaooga kabla ya kuingia baharini ukatoka mchafu zaidi. Mamako alikuwa barazani anachagua mchele. Amekonda. Kile chanuo chako cha mti kimechomekwa ukutani karibu na mlango, na mafuta ya nywele yako yapo bado juu ya dirisha, hayajafunikwa. Nikamsomea. Jina lako, la babako, la babu yako. Amefariki usiku wa Ijumaa.

Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Usiku wa Alhamisi haumo tena humo?" akauliza.

Nikamwambia haumo, mama.

"Basi huo ni wangu," akasema, akaikunja karatasi, akarudi kwenye mchele wake. Baada ya muda akaniambia nikae chini mbele yake, nywele zangu zimekuwa ovyo. Nilikaa. Alinisuka mpaka mikono ikamchoka. Mikono yake ni mizito, wewe hukuwahi kuniambia. Nililia kimyakimya nikitazama ukuta, naye akajifanya haoni.

Da Rukia, hiyo ndiyo habari. Madirisha yako ya zamani nimeyafunga yote. Nakala nimeihifadhi, lakini haitafunguliwa tena kwa kazi. Hili ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu mwanzo, zaidi ya ugumu wa mfumo wenyewe. Niliogopa kwamba siku programu ikihama, mkono wako utakuwa umeondoka duniani mara ya pili, safari hii kwa kazi yangu mimi. Umeondoka kweli kwenye sura. Vitufe si vyako, rangi si zako, nafasi kati ya hiki na hiki imepangwa na mfumo. Nimeitafuta namna ya kulisema hilo lisiniume, sijaipata.

Ninakuahidi haya. Maalim akinipigia, nitakwenda, hata kama ni kuonyeshwa kitufe alichokibofya mwenyewe. Mamako nitamwendea, na nikikosa nitamtumia ujumbe mrefu kama anavyoupenda, wenye salamu za kila mtu. Atakayekuja kujifunza hapa nitamweleza habari ya kisanduku cha siku kwa kinywa changu, nikimwangalia, mpaka nihakikishe ameelewa, kwa sababu wewe uliniambia kila jioni nami nikachukua mkoba nikaenda zangu. Na mimi nilikuombea Rabai, kwa namna yetu, kanisani, kwa sauti. Sidhani utachukia.

Sasa nasikia kipaza sauti cha msikiti wa sokoni kinakohoa, mwadhini anajiandaa. Nisubiri hapo hapo nimalize. Ameanza.

Uliniuliza swali, dada, nami nikakujibu bila kujua ulichouliza. Nakujibu upya. Ndiyo, Da Rukia. Imeshaingia. Ilikuwa imeshaingia kabla hujafumba macho.

Haya. Nafunga.

Kadzo wako